Sifa za Mpiga Pasi

Mfungaji hukumbatiwa na timu nzima. Aliyempa pasi hukumbukwa baadaye, akikumbukwa. Anayetaka kuusifu ufundi huu wa kuwapa wengine na amtazame Igor Larionov, Mrusi wa hoki ya barafu aliyepewa jina la Profesa.

Alizaliwa mwaka 1960 huko Voskresensk, karibu na Moscow. Katika mchezo wa vifua kugongana, yeye alikuwa mfupi na mwembamba. Silaha yake ilikuwa jicho: kabla kisahani hakijagusa gongo lake, alikwisha kujua nani yuko wapi na nani anaelekea wapi. Akiwa CSKA, timu ya jeshi, aliwalisha pasi wenzake Krutov na Makarov, na pamoja wakaipa Sovieti dhahabu ya Olimpiki 1984 na 1988.

Jicho hilo halikufumbwa nje ya uwanja. Kocha wa CSKA, Viktor Tikhonov, aliwafungia wachezaji kambini sehemu kubwa ya mwaka, mbali na familia zao. Mwaka 1988 Larionov alimkosoa hadharani kwa barua katika jarida la Ogonyok. Mwaka uliofuata alikuwa Vancouver, Kanada.

Huko Amerika Kaskazini wengi walizoea kukitupa kisahani mbele na kukifukuzia. Warusi watano wa Detroit, Larionov akiwemo, waliounganishwa na kocha Scotty Bowman mwaka 1995, walikirudisha nyuma bila haya, wakazunguka nacho mpaka njia ipatikane. Larionov alitwaa Kombe la Stanley, taji la ligi ya NHL, mara tatu: 1997, 1998 na 2002. Katika fainali ya 2002, akiwa na miaka 41, alimaliza mwenyewe kwa bao mechi moja iliyoingia kipindi cha tatu cha nyongeza. Lakini hesabu yake ya NHL ndiyo inayomweleza: mechi 921, mabao 169, pasi za mabao 475.

Miguu huchoka, jicho hurithishwa. Mwaka 2022 Larionov alianza kuinoa Torpedo ya Nizhny Novgorod, na huko alihimiza hoki ya kumiliki kisahani na kubuni. Ni kazi ngumu kuliko kupiga pasi. Pasi ya kijasiri ikinaswa katikati ya uwanja huzaa bao la mpinzani, na lawama humwangukia kocha. Aliye mwoga huikataza. Anayetaka kulea wapiga pasi hana budi kuzilipia pasi zao zinazopotea, kisha awaambie wajaribu tena.