Jirani wa Kila Wiki: Mapenzi ya Mchezo Mrefu wa Redio

Katika somo la fasihi tumezoea kuuliza: kazi hii inafundisha nini? Tukilielekeza swali hilo kwa Umubanyi Niwe Muryango, mchezo wa redio wa Kirundi, jibu linapatikana haraka mno. Jina lenyewe limeshasema: jirani ndiye ndugu. Waswahili nao husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini hakuna anayefuatilia mchezo kwa miaka mingi ili asikie methali anayoijua tayari. Hoja yangu ni kwamba mashabiki waliupenda kwa urefu wake, na kwamba siasa yake imo katika urefu huo.

Mchezo ulianza mwaka 1997, miaka minne baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, wakati vita vikiendelea na mitaa ya Bujumbura imegawanyika. Ulitengenezwa na Studio Ijambo, iliyoanzishwa mwaka 1995, ukaandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Ulikuwa wa redio kwa sababu redio ndiyo iliyofika vilimani; televisheni ilikuwa ya wachache. Unahusu familia mbili jirani, moja ya Wahutu na nyingine ya Watutsi, na ulipita sehemu 800.

Tuitazame idadi hiyo kwa jicho la mhakiki. Katika mchezo mfupi wa jukwaani, Mhutu na Mtutsi huingia wakiwa wawakilishi wa makabila yao. Wanagombana, wanapatana, pazia linafungwa. Mtunzi wa sehemu 800 hana hotuba za kumtosha. Lazima awape wahusika wake madeni, wakwe, homa, na watoto wasiosikia. Kadiri siku zinavyopita, mwakilishi anakuwa mtu, na mtu huyo msikilizaji anamjua kuliko anavyowajua baadhi ya jamaa zake.

Shangazi yangu wa Buyenzi huwataja wahusika hao kama anavyowataja mashemeji: huyu mchoyo, yule alionewa. Siku moja nilimuuliza mchezo ulimfundisha nini. Akacheka: "Mwanangu, unataka hadithi au unataka mtihani?" Kisha akanieleza kuwa sokoni, asubuhi baada ya kipindi, wanawake ambao hawakuwa wakiulizana hata habari za nyumbani waliulizana jambo moja: jana yameishaje?

Wapo watakaosema kuwa huu ni ushabiki tu. Studio Ijambo ilianzishwa na shirika la Marekani, Search for Common Ground, kwa lengo la amani, na amani haikuja kwa sababu ya redio. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na hata baada ya hapo watu waliendelea kufa. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba msingi wa familia mbili unaigawa nchi mafungu mawili kabla hadithi haijaanza. Mtwa, au mtoto wa baba Mhutu na mama Mtutsi, hana nyumba yake katika mpango huo.

Hata hivyo, tuwatazame jirani zetu. Nchini Rwanda, mchezo wa redio Musekeweya ulianza mwaka 2004, na mtafiti Elizabeth Levy Paluck akachunguza wasikilizaji wake. Utafiti wake, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa imani za mtu binafsi hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni namna watu walivyoona yanayokubalika katika jamii, pamoja na mwenendo wao. Wengine wataona hapo kushindwa kwa sanaa. Mimi naona maelezo sahihi ya ushabiki. Shabiki anaweza kubaki na shaka yake moyoni, ila sasa anajua kuwa jana, saa ileile, jirani alikuwa akimlilia mhusika yuleyule.

Katika uhakiki wetu wa fani na maudhui, urefu haumo upande wowote; tunauacha kama jambo la ratiba ya kituo. Tukiuhakiki mchezo huu kwa funzo lake tu, tutaupa alama nzuri na kuusahau. Shangazi hakuupa alama yoyote, na bado anaudai mwisho wa hadithi ya yule aliyeonewa.