Utendi wa Mwana Kupona na Haki ya Nafsi



Ni wachache katika watu wa pwani wasioujua Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858, kumuusia binti yake. Hata leo binti akikaribia kuolewa huambiwa aushike wasia huo. Swali langu ni hili: je, twaushika wote, au twashika nusu?

Nusu tuipendayo ni ile ya utumishi: mume ahudumiwe, astareheshwe, asikerwe usingizini. Hata Alice Werner na William Hichens walipouchapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934, jina walilolipa kitabu lilieleza kuwa ni mawaidha juu ya wajibu wa mke. Jina hilo si la uongo, ila limebana. Limetaja mlango mmoja wa nyumba yenye vyumba vingi.

Tazama utendi unavyoanza. Mama anasema kuwa ni mgonjwa, na maradhi yametimiza mwaka. Hakuyaficha ili aonekane mvumilivu. Kisha tazama unavyomalizika: ni dua ndefu, awaombea wanawe na jamaa zake, na yeye mwenyewe ajiombea apoe. Mwanamke aliyefundisha utiifu kuliko wote hakuona haya kujiombea afya. Basi binti zake wa leo wameipata wapi haya hiyo?

Haki nayo isemwe. Utendi unamtaka mwanamke ajitunze na kujipamba, lakini mapambo hayo umeyafungamanisha na kumpendeza mume. Haukusema kwa uwazi kuwa mwili wenyewe una haki. Hapo msomaji hana budi kuukamilisha kwa mafundisho ya dini yake.

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa Salman alimzuru nduguye Abu Dardaa, akamkuta mkewe katika hali duni ya mavazi. Alipouliza, mke akamweleza kuwa Abu Dardaa hana haja na dunia. Salman akamtaka mwenyeji wake afungue funga yake ya sunna ale naye, na usiku akamzuia kusali mpaka kwanza alale. Kisha akamfahamisha kuwa Mola ana haki yake, nafsi ina haki yake, na ahali wana haki yao. Kila mmoja apewe chake. Khabari ilipomfika Mtume (S.A.W.), alisema kuwa Salman amesema kweli.

Zingatia, msomaji. Aliyejihini alikuwa Abu Dardaa, lakini athari ilionekana kwa mkewe. Mwenye kuidhulumu nafsi yake hawapunguzii mzigo watu wake, huwaongezea.

Sasa tutazame majumbani mwetu. Mama hupakua sahani zote, mwisho akabakiwa na ukoko. Ana presha, dawa zimekwisha, lakini asema ngoja kwanza ada ya mtoto ilipwe. Akijinyoosha baada ya adhuhuri, akisikia hatua mlangoni hushtuka kama aliyefumaniwa akiiba. Watu humsifu kwa subira, mpaka siku anapoanguka, na hapo ndipo fedha ya hospitali inapotafutwa mbio. Hiyo si subira. Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Wala sisemi mtu afuate hawaa ya nafsi yake. Mchoyo hula cha wenziwe. Mwenye kuitunza nafsi hula chake. Basi mama, kaa ule pamoja na wanao chakula kingali moto. Lala unapochoka. Ukiumwa, sema mapema kama alivyosema Mwana Kupona, wala usione kuwa umemwibia mtu. Nawe baba, nanyi vijana, msingoje kuambiwa: ulizeni dawa zimebaki ngapi, na mteke maji wenyewe.

Siku mtakapomsomea bibi harusi utendi huu, msiishie kwenye kumpepea mume. Someni mpaka kwenye dua, asikie mama mgonjwa anavyomwomba Mola wake shifaa. Huo nao ni wasia.

Wabillahi tawfiq.