Kisasi na Vita katika Hadithi za Frank Castle

Frank Castle, mhusika mkuu wa hadithi za picha za "The Punisher", alibuniwa Marekani mwaka 1974. Kwa kawaida husomwa kama mtu wa kisasi: majambazi walimwulia mke na watoto katika bustani ya New York, naye akajitwalia kazi ya hakimu na mnyongaji. Usomaji huu huyapa mauaji yake udhuru.

Katika "Born" (2003), Garth Ennis anauondoa udhuru huo. Mandhari ni Vietnam, mwaka 1971, na familia ya Castle ingali hai. Kambi yake inapozidiwa na adui, sauti isiyo na mwili inamwahidi vita visivyokoma, naye anaridhia. Siku anapolakiwa na familia yake, sauti inamkumbusha kwamba ahadi ile ina gharama. Hivyo basi, msiba si chanzo cha ukatili wake, bali ni malipo yake.

Udhaifu wa kazi hii ni kwamba sauti hiyo yaweza kudhaniwa kuwa shetani tu, na dola iliyompeleka vitani ikasahauliwa. Hata hivyo, Ennis anamwachia msomaji swali zito: anayeishangilia bunduki ya Castle, je, anashangilia haki au vita?