Dharura Haianzii Mlangoni mwa Hospitali

Katika taarifa za kazi zinazosomwa vikaoni, huduma ya dharura katika Jiji la Dar es Salaam hupimwa kwa majengo, vitanda na magari. Kipimo hicho tunakipinga. Hatusemi majengo hayana thamani. Hadi Idara ya Magonjwa ya Dharura ya Muhimbili ilipofunguliwa mwaka 2010, nchi haikuwa na hospitali ya umma yenye idara kamili ya namna hiyo. Na fedha za mkopo wa UVIKO-19 wa mwaka 2021 zilijenga majengo ya dharura katika hospitali nyingi. Hayo ni mafanikio ya umma, na mwenye kuyabeza ana lake jambo.

Lakini swali la kisiasa ni hili: nani anafika pale akiwa hai? Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na walio wengi ni wavujajasho. Mtoto wa mwenye nacho akibanwa na pumu usiku, gari liko uani. Kuli wa Mbagala aliyegongwa na lori Barabara ya Kilwa hupakiwa kwenye bodaboda, kabanwa katikati ya watu wawili, mguu uliovunjika ukining'inia. Akifika, anaulizwa PF3. Fomu hiyo ya polisi ni chombo cha ushahidi. Mahali inapogeuzwa kuwa kibali cha kuzibiwa jeraha, huo ni umangimeza mtupu. Likifuata dai la fedha za kuanzia, tabaka limekwisha kujionyesha mapokezini kabla daktari hajaonekana. Tangu uchangiaji gharama ulipoanza mwaka 1993, msamaha kwa wasiojiweza umeandikwa, ila aliyezimia hawezi kujieleza kwamba ni maskini.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulifundisha kwamba maendeleo yasiyowaongezea watu uwezo juu ya mambo yao si maendeleo. Kwa kipimo hicho tuitazame Kariakoo, tarehe 16 Novemba 2024. Ghorofa lilipoporomoka, waliotangulia kufukua kifusi walikuwa wachuuzi na wapita njia, wengine kwa mikono mitupu. Ari ya umma ilikuwapo. Kilichokosekana ni mafunzo na mpango wa kuiongoza.

Kwamba mpango unawezekana, mfumo wa m-mama uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022 umethibitisha. Mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga akizidiwa, hupigwa simu namba 115 bila malipo. Gari la wagonjwa lisipopatikana, huitwa dereva wa jirani aliyesajiliwa, naye hulipwa na mfumo, si na mgonjwa. Tunauliza: kwa nini majeruhi wa barabarani abaki nje ya utaratibu huo?

Wapo makada wanaojibu kuwa fedha hazitoshi. Fedha ni haba kweli, lakini jibu hilo linasahau kwamba kijiwe cha bodaboda kipo tayari kila mtaa, na shina la Chama lipo, na mjumbe wake anawajua watu wake kwa majina. Kuwafundisha vijana hao kuzuia damu na kumbeba aliyevunjika hakuhitaji jengo. Taarifa ijayo ya tawi ianze hapo: tangu ajali hadi mhudumu wa kwanza zilipita dakika ngapi, na nani alilipa nauli.