Kibao cha Piglet

Winnie-the-Pooh nilimjua kwa katuni, kama wengi wetu. Kitabu chenyewe cha A. A. Milne, kilichotoka 1926, nimekisoma ukubwani, na kusema kweli nimecheka sana. Lakini kuna kibao kimoja kimekataa kunitoka akilini.

Kiko nje kwa Piglet, yule mtoto wa nguruwe. Kimevunjika. Kilichobaki ni mwanzo wa onyo kwa wanaoingia bila ruhusa. Piglet naye anashikilia ati hilo ni jina la babu yake. Utani mtamu, mpaka uujue msitu wenyewe.

Msitu huo upo. Unaitwa Ashdown, ndani ya High Weald, kusini mashariki mwa Uingereza: vilima vya miti na mashamba madogo ambayo mipaka yake mingi ni ya tangu enzi za kati. Milne alinunua nyumba pembeni mwake 1925. Mwaka 1693, zaidi ya nusu ya Ashdown iligawiwa watu binafsi. Sehemu iliyobaki, wenyeji waliendelea kulisha mifugo na kukata majani ya kuitandikia. Karne ya 19 kabaila mmoja, Earl De La Warr, akataka kuwazuia wasikate. Kesi ikavuta miaka, wenyeji wakashinda kwenye rufaa. Hata ule uwazi mzuri kwenye michoro ya E. H. Shepard ni kazi ya ng'ombe na mundu. Bila hizo, miti ingeufunika.

Sasa watafute watu hao kitabuni. Hawapo. Hakuna mchungaji, hakuna mkata kuni. Ni mtoto mmoja na wanasesere wake.

Simlaumu Milne, aliwaandikia watoto. Shida ni sisi tunaokua tukiamini kwamba msitu mzuri ni ule usio na watu. High Weald inalindwa tangu 1983 pamoja na wakulima wake. Kazi yao inahesabiwa kuwa sehemu ya uzuri. Huku kwetu, Waogiek wa Mau waliambiwa watoke ili msitu upone, hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipoikataa hoja hiyo 2017. Waliitwa wavamizi kwa mababu zao.

Msomee mtoto wako Pooh, ni kitabu kizuri. Mkifika kwenye kibao, chekeni. Halafu mwulize nani alikiweka, na alikuwa anamfukuza nani.