Ukurasa wa 16 Hukaa na wa 1

Karatasi 4 za A4 zikikunjwa katikati na kupigwa pini mbili kwenye mkunjo hutoa kijitabu cha kurasa 16. Anayekipanga kwa mara ya kwanza hudhani atachapa ukurasa wa 1, wa 2, wa 3, aende hivyo hadi mwisho. Akija kukunja anakuta hadithi inaanzia katikati na shairi limetengana na kichwa chake. Karatasi ya nje kabisa hubeba ukurasa wa 16 kushoto na wa 1 kulia. Ukiigeuza, wa 2 kushoto na wa 15 kulia. Inayofuata ina 14 na 3, mgongoni 4 na 13. Ya ndani kabisa inamalizia na 8 na 9, kurasa mbili pekee zinazofuatana ubavu kwa ubavu bila kuvukia karatasi nyingine. Mtihani wake ni mwepesi: jumlisha kurasa mbili zilizolala ubavu kwa ubavu, lazima upate 17. Ukipata 16 au 18, usichape kwanza.

Mwenye uzoefu huchapa karatasi ya nje mwisho. Makala iliyochelewa, barua ya msomaji, au jina la mshairi lililokosewa herufi vitapata nafasi kwenye ukurasa wa 2 au wa 15, na zile karatasi tatu za ndani hazitaguswa. Naupenda sana ujanja huu. Umeokoa majarida mengi kuliko tunavyojua, na hakuna msomaji aliyewahi kuuona.

Sumbawanga hakuna kinachokosekana kwa kazi hii. Steshenari zipo, kompyuta ipo, fotokopi ipo, na stepla ya mkono mrefu ukiulizia utaipata. Rimu moja ya karatasi 500 inatoa nakala 125, ukiondoa zile ambazo mashine itazitafuna. Kwa upande wa umbo, jarida huru la fasihi halina siri zaidi ya hiyo. Ufundi wenyewe uko kwingine, kwa mtu anayesoma kabla mashine haijawashwa, na huyo ndiye ninayetaka kumsifu kwa utulivu, maana ni nadra kusifiwa.

Watu wa Ufipa, uwanda unaozunguka Sumbawanga, wanaweza kumwelewa kuliko wengine. Wahenga wao walifua chuma kwa hatua. Kwanza kulikuwa na malungu, matanuru marefu ya udongo yanayofika mita 3 hivi, yenye matundu chini ya kuvuta hewa yenyewe bila mvukuto. Magofu yake bado yamesimama hapa na pale uwandani, na wageni huyapiga picha. Lakini kilichotoka humo hakikuwa chuma cha kutengenezea jembe. Kilikuwa bonge lililochanganyika na mavi ya chuma, na lilipaswa kupelekwa kwenye kintengwe, tanuru dogo lisilofika hata kiunoni, likachomwa upya kwa mvukuto, taka zitoke, ndipo mhunzi alishike. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Kitanzania, alitumia miaka akiyachunguza mambo haya kusini magharibi mwa nchi. Mwandishi chipukizi anakuja na bonge lake, zito na la kweli, lililompotezea usingizi. Mhariri wa jarida dogo ndiye mtu wa kintengwe.

Tumtazame akiwa kazini. Tuseme mwanafunzi wa Kidato cha Tatu ameleta shairi la mizani 16, nane na nane, na mshororo wa kwanza unasema: Sumbawanga ni mji wangu, ulio na upepo na baridi. Mhariri anahesabu kwa vidole juu ya meza. Kipande cha kwanza kina mizani 9, cha pili 11. Mhariri mvivu ataandika pembeni "mizani imezidi" na kurudisha karatasi. Huyu wetu anaiondoa "ni" peke yake: Sumbawanga mji wangu. Nane kamili. Kisha anaisoma kwa sauti, maana jicho halisikii, na anagundua kuwa ile sentensi ya kutoa taarifa imekuwa wito. Kijana sasa hauelezi mji wake, anauita. Hilo ndilo la kumwandikia, kuliko hesabu. Kipande cha pili kinaweza kuwa "wa upepo na baridi", nane tena, na kimeshatimia. Lakini hapo mhariri anasita. Kila mtu anajua Sumbawanga ni baridi. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni hata mgeni anayetoka Mbeya hutafuta koti. Anaandika swali dogo kwa penseli: "Baridi hii umeiona wapi leo asubuhi?" Halafu anaacha. Jibu halimhusu yeye. Mshairi akirudi na koti la babu yake, au na mama anayepuliza vidole kabla ya kufungua genge, basi kintengwe kimefanya kazi.

Penseli, siyo kalamu. Wahariri wazuri wengi wanalishika sharti hili, kwa sababu anachopendekeza mhariri lazima kiweze kufutika.

Kuna mhariri mmoja wa Afrika Mashariki ninayemrudia kila nikifikiria kazi hii: Jonathan Kariara. Makerere, kwenye Idara ya Kiingereza, kulikuwa na jarida dogo la wanafunzi liitwalo Penpoint, lililoanza 1958. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo akiitwa James Ngugi, amesimulia mwenyewe jinsi alivyomsimamisha Kariara njiani akamwambia ameandika hadithi, angependa aisome. Hadithi haikuwepo. Kariara akakubali kuisoma, na kijana akalazimika kwenda kuiandika. Ndiyo ile hadithi ya mti wa mugumo iliyotoka Penpoint 1960. Watu huicheka hila ya Ngũgĩ. Mimi hutazama upande wa pili: mtu aliyesema "sawa, ilete" kwa kijana asiye na jina, na ilipoletwa akaisoma kweli. Kariara baadaye akaingia kwenye uchapishaji Nairobi, akahariri Zuka, jarida lililoanza 1967, na akawasomea wengine wengi kwa namna hiyohiyo. Jina lake halimo kwenye midomo ya wanafunzi wetu. La Ngũgĩ limo.

Jarida la Kwani? nalo lilianza Nairobi 2003, likiongozwa na Binyavanga Wainaina, na mwaka huohuo hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyotoka humo ikashinda Tuzo ya Caine. Jalada, kundi la vijana, lilichukua mwaka 2016 hadithi moja fupi ya Ngũgĩ ya Kikuyu na kuitoa katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwamo. Hivyo ni vikundi vidogo visivyo na jengo la ghorofa.

Kwa Kiswahili, shule ya washairi kwa muda mrefu ilikuwa gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam 1923. Huru halikuwa, lilikuwa la serikali ya kikoloni, na sitalipamba. Lakini kurasa zake za mashairi zilipitiwa na Shaaban Robert na Mathias Mnyampala, na desturi ya kujibizana kwa beti ikahamia kwenye magazeti yaliyofuata. Nani hakumbuki zile sahihi chini ya shairi: jina, lakabu, S.L.P., na mji? Mtu wa Namanyere aliweza kumkosoa mtu wa Pemba vina vya kati mbele ya nchi nzima, na wiki tatu baadaye akajibiwa. Sanduku la posta lilikuwa ukumbi.

Ukanda wa Ufipa nao umewahi kuandikwa, ila kwa kurasa za mbali. Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Sudani Magharibi, akasomea udaktari Malta, alifika Karema ufukweni mwa Ziwa Tanganyika 1889 na kutibu watu hapo hadi alipofariki 1956. Habari za maisha yake, alizozieleza mwenyewe, zilichapwa na Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Jarida ndilo lililompa kurasa za kusema kwa kinywa chake. Miaka ya 1960 akaja Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza, akakaa na Wafipa, akasikiliza hadithi, vitendawili na methali. Kitabu chake cha masimulizi hayo kikatoka Oxford 1978, kwa Kiingereza. Alisikiliza kwa uvumilivu na namheshimu. Linaloniudhi ni kwamba mjukuu wa msimulizi, akiwa Laela au Matai, hawezi kuyasoma masimulizi ya babu yake kwenye kitu cha bei ya soda.

Siku hizi chipukizi anaambiwa habari za tuzo. Zipo, na ni nzuri. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza ikiitwa Mabati-Cornell, hupokea miswada. Dotto Rangimoto alishinda upande wa ushairi mwaka 2017. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Lakini tuzo humpokea mtu akiwa ameshaiva. Anapeleka mswada mzima, anasubiri, na mamia wasioshinda hawaambiwi mshororo upi ulizidi mizani. Jarida la kurasa 16 haliwezi kumpa mtu mamilioni. Linaweza kumrudishia karatasi yake ikiwa na penseli pembeni, na kwa mwandishi wa miaka 17 sijui kama kuna malipo makubwa zaidi.

Basi nakala 125 zimekunjwa. Za waandishi zitolewe kwanza, mbili mbili, kabla ya duka lolote kupata. Za Namanyere na Kirando zifungwe bahasha, apewe kondakta, jina na namba ya simu ya mpokeaji viandikwe kwa herufi kubwa. Kadhalika za Matai, za Laela, na za Muze kule bondeni. Bei iwepo, hata shilingi 500, kwa kuwa cha bure hakisomwi. Zitakazobaki zitaishia stendi kufungia karanga, na hilo lisimsumbue mhariri. Wengi wetu tulianza kusoma hivyo: karanga zikiisha unakunjua karatasi uone hadithi inaendaje, na muuza karanga ukimuuliza ukurasa unaofuata anakuambia ununue fungu lingine.