O-rejeshi Sokoni

Gazeti la karatasi huuzwa zima kwa bei moja. Katika intaneti kila habari yajiuza peke yake. Tangu mwaka 2007 YouTube huwagawia watengenezaji wa video mapato ya matangazo, na kichwa cha habari kimegeuka chambo. Tazama umbo lililostawi: "Alichokifanya mbunge mazishini". Kishazi hiki rejeshi hakina nomino tangulizi. -Cho- na -ki- zarejelea kitu kilichofichwa makusudi ili kiuzwe. Sisi walimu (nami nimo) tumelaumu kurudiwa kwa kiambishi tu, tukaiacha biashara yenyewe. Msomaji wa Gatuanyaga, karibu na Thika, hulipia data kwanza ndipo aitafute nomino hiyo. Aghalabu hukuta mbunge alitoa rambirambi, akaondoka.